Mashahidi wa Jiwe

Jiwe halina ulimi, lakini halisemi uongo. Anayesema uongo ni jicho la mtu, na zaidi ya jicho ni moyo unaotamani. Mtu aokotapo jiwe linalong'aa njiani, moyo wake hutangulia kusema, "Dhahabu!" kabla mkono wake haujalipima. Ndiyo maana wahenga walinena kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Lakini methali hiyo haikueleza mtu afanyeje hata apate kujua kipi ni dhahabu na kipi sicho. Habari hii yaeleza jinsi mzee mmoja na mjukuu wake walivyoliuliza jiwe moja maswali, na jinsi lilivyowajibu.

Katika nyanda za juu za Ufipa, kusini-magharibi ya Tanzania, palikuwa na nyumba ya mkulima mmoja. Mali yake ilikuwa shamba la mahindi na maharage, kuku wachache, na maksai wawili wa kuvuta plau. Upande wa mashariki, ng'ambo ya bonde la Ziwa Rukwa, iko nchi ya Chunya, ambako watu wamechimba dhahabu tangu miaka ya 1920. Habari za Chunya zilikuwa zikifika kijijini kama harufu ya chakula cha jirani: zilisikika, lakini hazikumshibisha mtu.

Jioni moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimekaribia, kijana mgeni alifika kutoka upande huo. Alipokwisha kupewa kiti na maji, akafungua kitambaa, akatoa jiwe lipatalo ukubwa wa yai la kuku. Lilikuwa la rangi ya manjano, nalo lilimetameta mbele ya taa hata watoto wakaacha kula. Mgeni akasema kwamba jiwe hilo limetoka katika shimo alilonunua sehemu yake, na kwamba sasa watafuta mtu wa kuingia naye shirika, ili wapate fedha za kuchimba zaidi. Akamwambia mkulima, "Baba, ukiuza maksai wako wawili, nusu ya shimo ni yako. Nakuachia jiwe hili ulitazame. Nitarudi kesho kutwa kulisikia neno lako."

Usiku ule mkulima hakulala. Alihesabu vyumba vya nyumba ya matofali ambayo hajaijenga. Mama wa nyumba hakusema neno, ila alikwenda zizini akasimama pale kitambo, akiwatazama wale maksai wakicheua. Naye binti yao, aliyekuwa darasa la sita, aliona yote. Kulipopambazuka, akamwomba baba yake ruhusa, akalichukua lile jiwe, akaenda nalo kwa babu yake.

Mzee huyo alikuwa mtu wa ukoo wa wahunzi. Babu zake walikuwa miongoni mwa watu waliojenga malungu, ndizo tanuru ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, zilizokuwa zikipita kimo cha mtu. Yeye mwenyewe hakuyeyusha chuma, kwa maana siku zake vyuma vya dukani vilikuwa vimekwisha kuenea. Lakini maarifa ya kuyajua mawe aliyarithi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta nini asubuhi hivi?"

Binti akamweleza habari yote. Mzee akalipokea jiwe, akaligeuza mara moja mkononi, kisha akalirudisha. Akasema, "Mimi nikikuambia, utakuwa umeniamini mimi tu, kama vile baba yako alivyomwamini mgeni. Yafaa ulisikie jiwe lenyewe. Barazani kesi haikatwi kwa shahidi mmoja. Tutawaita mashahidi watano."

Shahidi wa kwanza alikuwa mwanga. Mzee alimwambia binti alitazame jiwe juani, kisha aingie nalo kivulini, akiligeuzageuza polepole. Juani liliwaka sana. Kivulini likafifia, na lilipogeuzwa nyuso zake zilimeta moja moja, moja ikizima na nyingine ikiwaka. Tena nyuso hizo zilikuwa bapa kama za kibweta, nazo zilikuwa na mistari myembamba iliyonyooka. Mzee akasema, "Dhahabu haina desturi ya kuwaka na kuzima. Kivulini ina rangi ile ile iliyo nayo juani, hata ukiigeuza namna gani. Wala punje za dhahabu hazina kawaida ya kuwa na pembe na nyuso bapa kama hizi. Shahidi huyu ametutia shaka. Lakini shaka si hukumu."

Hapo akatoa katika kikapu chake kipande cha ulanga, akamwonyesha jinsi nacho kinavyong'aa kama dhahabu kikiwa mchangani mtoni. Akakichokoa kwa ukucha, kikabanduka vijani vyembamba kama karatasi. Akasema, "Huyu naye amewapotosha wengi. Ulanga hubanduka, dhahabu haibanduki."

Shahidi wa pili alikuwa kisu. Kila jiwe lina kiwango chake cha ugumu, na jiwe gumu hulikwaruza lililo laini. Mwaka 1812 mtaalamu mmoja wa mawe, Friedrich Mohs, aliyapanga mawe kwa ugumu wao toka 1 mpaka 10: la 1 ni ulanga laini wa kutengenezea poda, na la 10 ni almasi. Katika mpango huo ukucha wa mtu ni kama 2 na nusu, sarafu ya shaba ni kama 3, na ncha ya kisu cha kawaida ni kama 5 na nusu. Dhahabu ina ugumu upatao 2 na nusu hata 3. Kwa hiyo kisu huikata kama kinavyokata risasi. Binti alikandamiza ncha ya kisu juu ya jiwe, akaivuta kwa nguvu. Kisu kiliteleza, wala hakikuacha alama. Jiwe lilikuwa gumu kuliko kisu.

Shahidi wa tatu alikuwa kigae. Mzee alitwaa kisahani cha udongo mweupe kilichovunjika, akakipindua. Chini ya kisahani, pale kinapokaa juu ya meza, pana duara lisilopakwa rangi ya kung'aa. Pale pana ukavu na ukwaruzo. Akamwambia binti asugue jiwe papo hapo. Akasema, "Rangi ya jiwe kwa nje ni kama nguo yake. Rangi ya unga wake ni kama damu yake. Mtu aweza kubadili nguo, hawezi kubadili damu." Binti alitazamia kuona mstari wa manjano. Lakini mstari uliobaki kigaeni ulikuwa mweusi, wenye kuelekea ukijani kidogo.

Binti akanyamaza. Aliikumbuka nyumba ya matofali ambayo baba yake ameihesabu usiku, naye akaona uzito moyoni. Akauliza, "Babu, dhahabu ingeacha mstari gani?" Mzee akavua pete nyembamba ya marehemu mkewe, aliyokuwa ameifunga kwa uzi shingoni, akaigusisha kigaeni polepole sana. Ulionekana mstari mfupi, wa manjano yenye kung'aa, rangi ile ile ya pete. Binti hakuuliza tena.

Mzee akasema, "Wako mashahidi wawili bado. Shauri limekuwa zito, na baba yako atauliza kama tuliwasikia wote."

Shahidi wa nne alikuwa maji. Binti aliazima kwa mwenye duka mizani ya kuning'iniza. Kwanza mzee aliondoa kwa tindo vipande vya jiwe jeupe vilivyoshikamana na lile la manjano, kwa sababu mchanganyiko hudanganya mizani. Kisha wakalifunga jiwe kwa uzi, wakalipima likiwa hewani: gramu 250. Halafu wakalizamisha katika ndoo ya maji, likining'inia bila kugusa chini wala kando, wakasoma tena: gramu 200. Maji yalikuwa yamelipunguzia gramu 50.

Maana ya hesabu hiyo ni hii. Kitu kikizama, husukuma kando maji ya kadiri ya ukubwa wake, na uzito unaopungua ni uzito wa maji yale. Basi jiwe lile lilikuwa na ukubwa wa maji ya gramu 50, na lenyewe lilikuwa na gramu 250. Ukigawa 250 kwa 50, wapata 5. Jiwe lilikuwa zito mara 5 kuliko maji. Dhahabu safi ni nzito mara 19 na zaidi kuliko maji. Kama yai lile lingalikuwa dhahabu tupu, lingalikaribia kilo 1, na binti angalilisikia mkononi tangu alipolichukua.

Njia hii ya maji ni ya kale sana. Wayunani husimulia kwamba zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, mfalme wa Sirakusa alimshuku mfua dhahabu wake kwamba amechanganya fedha katika taji. Akamtaka mwenye hekima Arkimede aijue kweli bila kuliharibu taji lile. Naye, wasema, alilipata jibu alipoingia birikani kuoga, akaona maji yakifurika.

Shahidi wa tano alikuwa nyundo. Mzee alimweka mwisho, akisema, "Kilichovunjwa hakirudi, kwa hiyo usianze na nyundo." Akatwaa kipande kidogo, akakifunga katika kitambaa ili vigae visiruke machoni, akakiweka juu ya fuawe, akapiga. Walipokifungua kitambaa, waliona unga mweusi na vigae vidogo. Dhahabu haivunjiki hivyo. Ikipigwa hutanuka, na ikipigwa tena huzidi kutanuka. Gramu 1 yaweza kufuliwa iwe bamba jembamba sana lenye upana upatao meta 1 ya mraba. Na toka kitambaani ilipanda harufu hafifu kama ya kiberiti.

Ndipo mzee akatamka jina. Jiwe lile liliitwa pairaiti. Ni chuma na salfa vilivyoungana ardhini, nalo limewapumbaza watu wengi hata likapewa jina la dhahabu ya wajinga. Mzee akaongeza, "Lakini mjinga si yule asiyejua. Mjinga ni yule asiyetaka kuuliza."

Binti akauliza kwa nini hawakumwita moto awe shahidi. Mzee akajibu kwamba moto ni shahidi wa kweli, lakini si wa kuitwa nyumbani. Mawe mengine yakichomwa hutoa moshi wenye sumu iitwayo aseniki, na mengine hutoa moshi wa risasi; sumu hizo huua. Kazi ya moto ni ya wenye maarifa na vyombo. Vivyo hivyo zebaki, ambayo baadhi ya wachimbaji huitumia kuikamata dhahabu. Mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu na kudhuru mtoto aliye tumboni mwa mama, na kwa ajili hiyo mataifa mengi yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013 ili kupunguza matumizi yake. Mtoto asiiguse. Tena kila ashikaye mawe ya madini na anawe mikono kabla ya kula, wala asiyaonje kwa ulimi.

Kisha, ili mjukuu wake asirudi na huzuni tupu, mzee akamwonyesha mawe mengine ya kikapuni. Palikuwa na jiwe zito la rangi ya kijivu. Liliposuguliwa kigaeni liliacha mstari mwekundu kama damu iliyokauka. Hilo ni hematiti, jiwe la chuma. La pili lilikuwa jeusi, na mstari wake mweusi. Sumaku ilipokaribishwa iliruka ikalishika. Hilo ni magnetiti, nalo pia ni jiwe la chuma. La tatu lilikuwa jeupe. Alipolidondoshea maji ya ndimu juu ya unga wake, povu dogo likachemka. Hilo ni jiwe la chokaa. La nne lilikuwa la kijani kibichi, liitwalo malakaiti. Mzee alisaga kipande chake, akakiloweka katika siki ndani ya chupa, na siku ya pili siki iligeuka rangi ya buluu na kijani. Binti alitumbukiza humo msumari safi wa chuma, na baada ya muda akautoa umevikwa rangi nyekundu ya shaba. Shaba iliyokuwa imefichwa katika jiwe ilikuwa imejitokeza mbele ya macho yake. Siki ile wakaimwaga mbali, kwa maana ni sumu.

Watu wa kijiji kile si wa kwanza kujaribiwa na jiwe. Mwaka 1576 nahodha Mwingereza, Martin Frobisher, alisafiri pande za kaskazini za Amerika, katika nchi ya barafu ambayo leo ni sehemu ya Kanada, na jiwe moja jeusi likaletwa London. Wapimaji kadhaa walisema halina thamani. Mmoja akasema ameona dhahabu ndani yake. Wenye fedha wakawaacha wale wengi, wakamsadiki yule mmoja, kwa kuwa ndiye aliyesema neno walilolitamani. Mwaka 1577 merikebu zilirudi zimechukua tani karibu 200 za mawe. Mwaka 1578 zikapelekwa merikebu 15, zikaleta zaidi ya tani 1,000. Tanuru kubwa zikajengwa mahali paitwapo Dartford. Wakayeyusha na kuyeyusha, wasipate faida yo yote. Fedha za watu zikapotea, na mawe mengine yakaishia kujengea ukuta. Hao walikuwa watu wa elimu na utajiri. Walichokosa ni uvumilivu wa kusikia neno "siyo".

Jioni binti alimwonyesha baba yake kigae na mstari mweusi, akamsomea hesabu ya maji. Kwanza baba alikasirika, kama mtu aliyeamshwa katika ndoto nzuri. Akasema, "Je, haiwezekani dhahabu imejificha ndani yake?" Babu, aliyekuwa amekuja naye, akajibu kwa haki, "Yawezekana. Pairaiti na dhahabu mara nyingine hulala katika mwamba mmoja, na punje za dhahabu zaweza kuwa ndogo hata jicho lisizione. Mashahidi wetu wametuambia kwamba hiki king'aacho si dhahabu. Hawakutuambia kwamba mlimani hamna dhahabu. Neno hilo ni la maabara, na wapimaji wa serikali wako Dodoma. Lipelekwe jiwe kwanza, maksai watangoja."

Kesho kutwa yake mgeni alirudi. Mkulima hakumtukana wala hakumfukuza. Alimwekea mbele kisahani kilichovunjika, kisu, na kipande cha jiwe, akamwambia, "Kijana wangu, tafadhali jaribu mwenyewe." Mgeni akasugua mara moja, akatazama. Akasugua mara ya pili kwa nguvu zaidi, kana kwamba nguvu zaweza kubadili rangi. Mstari ukawa mweusi vile vile. Akakaa kimya muda mrefu. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameuza mbuzi wote wa mama yake ili anunue sehemu ya shimo lile, na hakuna mtu aliyemwambia asugue jiwe juu ya kigae.

Hapo mkulima aliona kwamba aliyekuwa mbele yake si mwizi. Alikuwa mtu aliyefika kwenye shimo lile kabla yake. Mama wa nyumba akapika ugali, mgeni akala na kulala. Asubuhi aliondoka na kipande cha jiwe mfukoni, akiahidi kukipeleka kwa wapimaji kabla ya kumwambia mtu mwingine habari ya shirika. Binti alimpa na kile kigae.

Wiki ile ile mvua zilinyesha. Maksai wakafungwa nira, na mkulima akashika plau. Udongo ukageuka mwekundu nyuma yao, na binti, aliyekuwa akiwaongoza maksai, aliokota jiwe dogo toka mferejini, akalifuta matope. Lilikuwa zito kuliko ukubwa wake. Hakupiga kelele. Alilitia mfukoni, apate kuliuliza jioni.

Maswali

1. Kwa nini mzee hakutaka kulitaja jina la jiwe tangu mwanzo?
2. Wataje mashahidi watano kwa taratibu yao. Kwa nini nyundo iliwekwa mwisho?
3. Jiwe lina uzito wa gramu 150 hewani na gramu 100 majini. Ni zito mara ngapi kuliko maji? Je, laweza kuwa dhahabu safi?
4. Tafuta mawe matatu karibu na nyumbani. Yasugue chini ya kigae, uandike rangi ya jiwe na rangi ya mstari wake. Kisha nawa mikono.
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: kipimo cha nyumbani chaweza kusema nini, na hakiwezi kusema nini?